Kompyuta Imekuwa Nzito: Je, Ibadilishwe Prosesa?

  Leo tuiangalie kompyuta ya mezani. Si ile mpya ya dukani. Ni ile ya zamani iliyo katika ofisi ya kupiga chapa na kutoa fotokopi, katika maabara ya shule, au kwenye meza ya karani wa kanisa au msikiti. Zamani ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Sasa imekuwa nzito: inachelewa kuwaka, inaganda barua ikiwa nusu, na mteja amesimama mlangoni anaangalia saa.

Mwenye kompyuta huyo anakwenda kwa fundi, na fundi anamwambia: "Badilisha prosesa." Je, ni kweli? Kompyuta ya miaka 10 au zaidi ikiwekewa prosesa nyingine, yaani ubongo mwingine wa kuchakata kazi, itapata nafuu? Na pesa itakayotoka mfukoni italeta faida?

Jibu la mazungumzo haya ni hili, na litarudiwa tena kabla hatujaagana: ndiyo, prosesa inaweza kubadilishwa, na mara nyingine faida yake ni kubwa. Lakini katika kompyuta ya zamani, prosesa iwe ya mwisho kubadilishwa, isiwe ya kwanza.

Jambo hili linawagusa watu wengi huku mashariki mwa Uganda. Tangu mwaka 2012, mwanafunzi wa kidato cha 5 na cha 6 hapa nchini huchukua ama hisabati ama TEHAMA kama somo dogo, na somo hilo la TEHAMA lina mtihani wa vitendo. Mwanafunzi anakaa mbele ya mashine, saa inakwenda, naye anatakiwa kufungua jedwali, kuandika, kuhifadhi na kuchapisha. Mashine ikiganda, dakika anazopoteza ni za kwake. Mbale nako kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichoanzishwa mwaka 1988, na wa vyuo vingine, wanaopeleka tasnifu zao kuchapwa mjini. Kazi nyingi ya namna hii hufanywa na kompyuta za mtumba, zilizotumika kwanza katika ofisi za Ulaya au Uarabuni kabla ya kufika huku. Ukigeuza kasha utakuta majina mawili yamezoeleka: Dell OptiPlex na HP Compaq. Hizo ndizo tutakazozitolea mifano.

Sasa twende hatua kwa hatua. Kuna maswali manne ya kujiuliza kabla ya kununua prosesa.

Swali la kwanza: je, prosesa ndiyo inayochelewesha kazi?

Kupima hakuhitaji fundi. Kama kompyuta inatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager, linaloonyesha ni kiasi gani cha prosesa, cha RAM (yaani kumbukumbu ya muda) na cha diski kinatumika. Kisha endelea na kazi yako ya kawaida, ile inayokukera. Fungua barua, fungua intaneti, chapisha. Kompyuta inapoganda, tazama ni namba ipi imepanda hadi karibu na 100.

Katika mashine nyingi za zamani, inayopanda ni diski. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika na mkono mdogo unaohama huku na huku kutafuta faili. Wakati mkono huo unatafuta, prosesa imekaa bure, kama mpishi hodari anayengoja kuni. Ukimleta mpishi mwingine, hodari kuliko huyo, naye atangoja kuni zilezile.

Dawa ya hapo ni diski ya SSD, ambayo ndani yake hakuna kinachozunguka. Kwa faili kubwa moja, SSD ya kawaida husoma mara 3 hadi 5 zaidi ya diski ya zamani. Kwa maelfu ya vifaili vidogo, vile vinavyosomwa kompyuta inapowaka, tofauti ni kubwa kuliko hiyo. Baada ya diski, iangalie RAM. Kompyuta yenye RAM ya GB 2 au 4 ikifunguliwa kurasa kadhaa za intaneti hujaa, kisha huanza kuitumia diski kama ghala la muda, na hapo ndipo inapoganda. GB 8 zinatosha kwa ofisi nyingi za kupiga chapa.

Lipo jambo la tatu, na hili halina gharama kubwa: vumbi. Prosesa inapopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Barabara zetu za murram zina vumbi jekundu, nalo huingizwa na feni siku nzima. Ukifungua kasha lililokaa miaka kwenye duka la kando ya barabara, utakuta vumbi limeganda katikati ya mapezi ya kipoza joto hata hewa haipiti. Kompyuta hiyo si lazima iwe na prosesa dhaifu. Huenda inakosa pumzi tu.

Kwa hiyo, msikilizaji, safisha kwanza, weka SSD, ongeza RAM. Pima tena. Je, ikiwa baada ya hayo yote namba inayopanda ni ya prosesa? Hapo sasa fundi ana haki, nasi tunafika kwenye swali la pili.

Swali la pili: je, mazabodi itaikubali prosesa hiyo mpya?

Mazabodi ni ule ubao mkubwa wa ndani ambao kila kitu huchomekwa juu yake. Katikati yake pana soketi, mahali prosesa inapokaa. Soketi hazifanani. Katika prosesa za Intel, zile za miaka ya Core 2 zilitumia soketi iitwayo LGA 775. Mwaka 2011 ikaja LGA 1155, mwaka 2013 LGA 1150, na mwaka 2015 LGA 1151. Namba hiyo ni idadi ya vipini vya kugusana vilivyo kwenye soketi. Prosesa ya 1150 haiwezi kukaa kwenye 1155, hata kama kwa macho zinakaribiana. Huo ni mtego wa kwanza, na mafundi wengi wanaujua.

Mtego wa pili umejificha zaidi. Soketi inaweza kuwa ileile, prosesa ikakaa vizuri kabisa, na bado kompyuta isiwake. Chukua Dell mbili zilizozoeleka: OptiPlex 790 ya mwaka 2011 na OptiPlex 7010, ile ya mwaka 2012. Zote mbili zina soketi ya LGA 1155. Lakini 790 hupokea prosesa za kizazi cha pili tu, wakati 7010 hupokea za kizazi cha pili na cha tatu. Mtu akinunua Core i5-3470, ambayo ni ya kizazi cha tatu, akaichomeka kwenye 790, atawasha na kuona skrini nyeusi. Prosesa ni nzima, mazabodi ni nzima, ila haviafikiani. Kwa upande wa HP ni vivyo hivyo: Compaq 6200 Pro ni ya kizazi cha pili, na 6300 Pro inapokea vyote viwili.

Kizazi kinajulikanaje? Tazama namba inayofuata baada ya i3, i5 au i7. Katika i5-2400, tarakimu ya mwanzo ni 2, basi hicho ni kizazi cha pili. Katika i5-3470, tarakimu ya mwanzo ni 3, basi ni cha tatu.

Na usiishie kwenye tarakimu. Soma pia herufi ya mwisho. Core i5-3470 ina viini 4, yaani inaweza kushika kazi nne kwa wakati mmoja. Core i5-3470T, yenye herufi T mwishoni, ina viini 2. Herufi moja tu, na nusu ya viini imekwenda. Halafu ipo i5-3350P. Hiyo ina viini 4, lakini haina uwezo wa kutoa picha. Ikiwekwa kwenye kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya picha, skrini haitaonyesha kitu. Kwenye prosesa za miaka ya karibuni zaidi, herufi F mwishoni ina maana hiyohiyo. Kwa hiyo mnunuzi asome namba yote iliyochongwa kwenye bati la prosesa, kuanzia mwanzo hadi herufi ya mwisho, kabla ya kutoa pesa.

Wenye kompyuta za AMD wana habari njema kidogo. Soketi yao ya AM4, iliyoenea pamoja na prosesa za Ryzen mwaka 2017, ilidumu miaka mingi. Mazabodi nyingi za mwanzo zinaweza kupokea hata Ryzen za mfululizo wa 5000, mradi programu ya ndani ya mazabodi, iitwayo bayosi, isasishwe kwanza. Sharti hapo ni umeme. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha bayosi, mazabodi inaweza isiwake tena. Jinja ni jirani wa bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, na hata hivyo umeme hukatika huko kama kwingineko. Kazi hiyo ifanywe kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye UPS yenye betri nzima.

Swali la tatu: je, joto na umeme vitatosha?

Kila prosesa ina kiwango cha joto kinachopimwa kwa wati. Core i3-2100 ni ya wati 65. Core i7-2600, inayokaa kwenye soketi hiyohiyo, ni ya wati 95. Kipoza joto kilichoundwa kwa ajili ya ndogo huenda kisiiweze kubwa, hasa ndani ya kasha jembamba. OptiPlex 7010 ya kasha jembamba ina paoa saplai, yaani kifaa cha kulisha umeme, ya wati 240, na inaziweza i5-3470 na i7-3770, ambazo zote ni za wati 77. Lakini ile 7010 ndogo kabisa, inayoweza kufungwa nyuma ya skrini, imewekewa kikomo cha wati 65. Namba moja ya modeli, makasha tofauti, uwezo tofauti. Kwa hiyo ukienda kununua, taja modeli na taja pia ukubwa wa kasha.

Tuseme maswali haya matatu yamejibiwa vizuri. Prosesa ndiyo yenye kosa, mazabodi inakubali, joto na umeme vinatosha. Kazi yenyewe inafanywaje? Hebu tuisogelee meza ya fundi.

Fundi mwangalifu huiwasha kompyuta kwanza kwa dakika chache. Anataka ile pesti ya kupitisha joto, iliyo katikati ya prosesa na kipoza joto, ipate moto na kulainika, kwa sababu baada ya miaka hukauka ikawa ngumu kama chokaa. Halafu anazima, anachomoa waya wa umeme kabisa, anagusa chuma cha kasha ili kutoa umeme tuli mwilini mwake. Kwenye OptiPlex, kipoza joto kinashikwa na skrubu nne. Anazilegeza kwa mzunguko wa msalaba, moja ya kona hii kisha ya kona iliyo mkabala nayo, kidogo kidogo, ili uzito usiegemee upande mmoja. Hakivuti kwa nguvu. Anakizungusha kidogo kulia na kushoto mpaka kiachie. Kwenye AMD ya AM4 jambo hili ni la lazima, kwa sababu vipini viko kwenye prosesa yenyewe, nayo inaweza kung'oka pamoja na kipoza joto na vipini vikapinda.

Sasa anakiinua kile kijiti cha chuma pembeni mwa soketi, anafungua kifuniko, na anaitoa prosesa kwa kuishika kingo zake. Kwenye Intel, vipini viko ndani ya soketi: mamia kwa mamia, vyembamba, vimelala upande mmoja. Kidole kikigusa pale, au bisibisi ikidondoka, mazabodi imekwisha. Prosesa mpya ina pembe tatu ndogo ya dhahabu kwenye kona moja, nayo ni lazima ielekee alama iliyo kwenye soketi. Haisukumwi. Inawekwa tu, na uzito wake wenyewe unatosha kuikalisha. Akihisi inakataa, anaitoa na kuangalia upya.

Kisha anafuta pesti ya zamani kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti, anaweka tone jipya katikati, ukubwa wa punje ya mbaazi, anarudisha kipoza joto, na anakaza skrubu kwa msalaba uleule. Anachomeka waya wa feni. Huo waya wa feni ndio husahauliwa mara nyingi! Kisha anawasha, anaingia kwenye bayosi, na anasoma jina la prosesa pale kwenye skrini. Mwenye kompyuta aliye mbele yake alione jina hilo kwa macho yake kabla ya kulipa.

Tumefika swali la nne, wasikilizaji: je, faida ni ipi, na inalingana na gharama?

Chukua mfano wa ofisi ya kupiga chapa karibu na stendi ya Mbale. Kazi yake ni barua, vyeti, fomu za intaneti. Kwa kazi hizo, kompyuta yenye i3, SSD na RAM ya GB 8 haina haja ya prosesa nyingine. Lakini jirani yake anahariri video za harusi. Yeye prosesa yake inapanda hadi 100 na kukaa hapo kwa saa nzima kila anapotoa kazi. Kutoka viini 2 hadi viini 4 kutampunguzia muda wa kungoja kwa kiasi anachoweza kukiona kwenye saa ya ukutani. Watu wawili, kompyuta zinazofanana, majibu mawili tofauti.

Shule ina hesabu yake. Zipo maabara zinazotumia mfumo wa NComputing, ambapo kasha moja hugawiwa wanafunzi kadhaa. Kadi moja ya X550, kwa mfano, huongeza viti 5 kwenye kompyuta moja. Hapo kila mwanafunzi anachota kutoka kwenye prosesa ileile. Kwenye maabara ya namna hiyo, kubadilisha prosesa moja na kuongeza RAM kunawanufaisha wanafunzi 6 kwa mara moja, na pengine hakuna mahali pengine ambapo pesa ya prosesa inafanya kazi vizuri kuliko hapo.

Ila kuna jambo ambalo prosesa haitaliponya. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa masharti yake rasmi, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 inaishia kizazi cha tatu, hata uiwekee i7 iliyo kubwa kuliko zote zinazoingia humo. Kwa hiyo mtu akiambiwa, "Weka prosesa mpya upate Windows 11," katika mashine hiyo hayo si kweli. Njia ya wazi ni kuhamia Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambazo ni bure, zinapokea masasisho ya usalama, na zina programu za kuandika, za majedwali na za intaneti. Shule ihakikishe kwanza kwamba programu inazofundishia na za mtihani zinafanya kazi humo.

Na kabla ya kulipa, mwenye kompyuta aulize bei mbili dukani: bei ya prosesa pamoja na ufundi, na bei ya kompyuta nzima ya mtumba iliyo tayari na prosesa hiyo. Mara nyingine tofauti ni ndogo, na ile nzima inakuja na mazabodi isiyochoka sana. Zile za Core 2, za soketi ya 775, karibu zote zimefika hapo: prosesa zake zinapatikana, lakini fedha hiyo inafaa zaidi kuwa akiba ya mashine nyingine. Vipuri vinavyobaki visitupwe jalalani wala kuchomwa nyuma ya duka, kwa sababu vina madini yenye sumu, risasi ikiwemo. Uganda ilifungua kituo cha taifa cha taka za kielektroniki mjini Kampala mwaka 2021, na shule kadhaa zinaweza kukusanya vyao pamoja na kuvipeleka kwa safari moja.

Haya, turudie kwa ufupi kwa aliyejiunga nasi sasa hivi. Kwanza, safisha vumbi, weka SSD, ongeza RAM, kisha pima kwa Task Manager. Pili, ikiwa prosesa ndiyo yenye kosa, hakikisha soketi, kizazi na modeli vinaafikiana, na soma namba ya prosesa hadi herufi ya mwisho. Tatu, angalia wati na ukubwa wa kasha. Nne, linganisha faida na bei ya kompyuta nzima, na usinunue prosesa kwa tumaini la Windows 11 mahali isipowezekana. Prosesa iwe ya mwisho.

Kwa walimu wa TEHAMA, likizo inayokuja ni nafasi nzuri. Chukueni daftari, andikeni modeli ya kila kasha, aina ya prosesa, kiasi cha RAM na aina ya diski. Mkifika kwa fundi, Jinja au Mbale, mnakwenda na orodha mkononi, naye atawajibu kwa orodha hiyo.